Sumaku ya Redio ya Baba

Jirani yangu Mbeleje anasema ilikuwa hivi.

Anasema alikuwa uani anapepeta mtama, jua limefika utosini, akasikia kama lori linamwaga kokoto huko juu. Akainua macho asione kitu, ila moshi mweupe, mwembamba, umenyooka kama uzi. Mbuzi wakajibana ukutani. Kisha ikaja sauti nyingine, fupi, kama mtu anapuliza kibatari karibu na sikio lako, mlangoni akaona mwanga umeingia ndani, na paa la udongo la tembe likashuka. Halikuanguka, anasema, lilishuka, lote kwa pamoja, na vumbi likatoka mlangoni kama pumzi ya mtu. Mama mkwe wake, Bibi Matika, alikuwa ndani amejilaza kwa sababu ya miguu. Mbeleje anasema alifukua kwa mikono, akafukua kwa ungo, akarudia mikono, na kabla hajaifikia shuka ya bibi alishika jiwe. Jeusi, ukubwa wa ngumi mbili, lina uvuguvugu kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Anasema alilichukia jiwe lile hata akalirusha nje kwa nguvu zake zote, likavuka ukuta uliobomoka, likatua kwenye samadi ya zizini. Akaendelea kufukua. Alipomfikia bibi, bibi alikuwa amekwisha.

Ndivyo anavyosema Mbeleje. Nimemsikia akisimulia mara tano, na hakubadilisha hata yai.

Ukoo wa mume wake unasema vingine. Wanasema nguzo ya kati ya tembe lile ilikuwa imeliwa na mchwa tangu mavuno, na Bibi Matika alikuwa akimwambia Mbeleje kila siku aite wanaume waibadilishe, naye akawa anasema kesho, kesho. Wanasema paa letu la udongo ni zito na halina huruma, lilikuja chini lenyewe, na Mbeleje alipoona amemwua mama mkwe kwa uvivu akaokota jiwe zizini ili alisingizie.

Mimi naitwa Nyemo. Nyumba yangu na ya Mbeleje zinatazamana. Siku ile nilikuwa kisimani, sikuona paa likishuka. Lakini kuna jambo moja katika habari hii ninalolijua peke yangu, na ndilo ninaloliandika.

*

Sisi watu wa Iyumbula tumezoea mawe. Nilikuwa darasa la tano lile pande kubwa la mwamba lilipopasuka huko juu, mbali kupita mwezi, na tangu hapo vipande vyake vinatuangukia kila kiangazi, kwa sababu ambazo wataalamu wanazijua na mimi nilielezwa nikasahau. Vingi ni vidogo kama njugu mawe. Vinaanguka mbugani, mchana au usiku, na mwanzoni watu walikuwa wanakimbia, siku hizi wanahesabu mbuzi kisha wanaendelea na shughuli.

Ndipo Kituo cha Vimondo kikaja. Walisimamisha nguzo sita za chuma kuzunguka mbuga, kila moja ina jicho la kioo linalotazama anga bila kufumba. Macho yakiona kimondo kinashuka, bangili ya mlinzi wa mawe, ambayo pia ni simu yake, inatetemeka na kuchora duara: kimeangukia humu. Duara lenyewe ni pana, kulivuka kwa miguu ni nusu saa. Kuanzia hapo ni kazi ya binadamu. Tunajipanga mstari, mikono ikinyooshwa vidole vinagusana, tunatembea polepole tukitafuta cheusi juu ya chekundu. Ukikiona hukigusi. Unapiga picha, unaweka kijiti chenye vipimo kando yake, unakifunga kwa karatasi ya foili, unaandika.

Kazi hiyo hawakutafuta wasomi. Walitafuta mtu asiyechoka kutazama. Mimi niliishia la saba, na kwa kutazama sijaona wa kunishinda. Kiangazi cha kwanza nilipata vimondo kumi na tisa. Wakanipa beji ya mlinzi mkuu, ya bluu, ina jina langu. Mama aliifua na sabuni ingawa ilikuwa mpya.

Walinzi tulipewa miiko mitatu. Jiwe lisiguswe na mkono mtupu. Jiwe lisiguswe na maji. Jiwe lisikaribiwe na sumaku.

Huo wa tatu ndio uliofundishwa kwa muda mrefu zaidi, maana kabla ya Kituo kila mwokotaji hapa kwetu alitumia sumaku. Baba yangu mwenyewe ndiye aliyekuwa hodari wao. Aling'oa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifunga kwenye fimbo, akawa anaipitisha juu ya kila jiwe jeusi. La kawaida linabaki chini. La mbinguni linaruka lenyewe, tak. Alipofariki fimbo ilioza. Sumaku nikaifunga katika fundo la kanga yangu, na humo ilikaa miaka yote, kama wengine wanavyoweka ugoro.

Daktari Kokuhirwa ndiye aliyetufundisha. Ni mama wa Kihaya, mrefu, akicheka hufunika meno. Alikatakata sindano za kushonea zikawa vipande vidogo, akavimwaga kwenye sahani ya asali ya moto, vikawa vinageukageuka. Asali ilipopoa ikawa nzito, vikaganda, kila kimoja na upande wake.

"Hili ndilo jiwe," akasema. "Ndani yake mna punje za chuma, ndogo kuliko vumbi la unga, na kila punje ni sindano kama hizi. Jiwe linaposhuka, ngozi yake inaungua, sindano zinalegea. Inapopoa zinaganda. Na linapogonga kitu, ngozi inatikisika, na ule mtikisiko nao unabaki. Mashine yetu inaisoma ngozi hiyo tabaka kwa tabaka, inakuambia jiwe lilitoka upande gani, liligonga nini kwanza, lilitulia limelalia wapi. Huko ndani zaidi mna habari za kabla ya dunia kuwa na mtu hata mmoja."

Kisha akatoa sumaku mfukoni, akaipitisha juu ya sahani mara moja tu. Vipande vyote vikageuka upande mmoja.

"Haya, niambieni mwanzo vilikuwa vimeelekea wapi."

Tuliangalia sahani kama watu walioitwa kumtazama maiti.

Kwa hiyo nilijua. Nasema hivyo mapema ili asiwepo wa kunitetea kwamba ni msichana wa la saba, hakuelewa. Nilielewa kuliko wote. Mimi ndiye niliyeosha ile sahani.

*

Siku ya tatu baada ya mazishi Mbeleje alikuja kwangu kupitia uani, kitu kimefungwa kwenye kanga. Macho yake yalikuwa yamevimba mpaka yamebaki mistari.

"Mdogo wangu," akasema, "nimelitafuta kwenye samadi tangu asubuhi. Wananiambia hakuna jiwe. Niambie wewe. Ni lenyewe au nimeokota jiwe la kusugulia miguu?"

Akalifungua. Nililijua kabla halijatoka lote. Ngozi nyeusi, imetulia kama chungu kilichopakwa mafuta, ina mikunjo midogo kama alama za vidole kwenye udongo mbichi. Kona moja ilikuwa imemeguka, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na hapo ndani yake ilionekana ya kijivu, safi. Niliiona hiyo kona. Mimi huwa naona.

Nilipaswa kusema: weka chini, usiliguse tena, namwita Daktari. Ni maneno machache tu.

Lakini alikuwa ananitazama. Sijui niliandikeje hili. Mbeleje ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka, kupika mlenda, na kumjibu mwanaume anayepiga mluzi njiani. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa nauliza na yeye anajibu. Siku ile aliniuliza yeye, na nikataka jibu langu lionekane. Kumwambia tu ndiyo hakukunitosha. Nilitaka alione kwa macho.

Nikafungua fundo la kanga.

Sumaku ililidaka jiwe kabla sijaifikisha. Tak. Nikainua mkono, jiwe likaja nalo, linaning'inia. Mbeleje alishika kifua chake, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akasema, "Unaona! Unaona! Mimi si mwongo!" Nami nikacheka pamoja naye. Nikaligeuza, nikalipitishia sumaku upande wa pili pia, ili aone kwamba linashika kote.

Kicheko kilinikauka mdomoni. Ile sahani ya asali ilinijia mbele ya macho kama mtu kaiweka mezani.

"Nini?" Mbeleje akauliza.

"Hamna kitu," nikasema. "Ngoja nitafute foili."

*

Kule kwetu siku hizi, jiwe likihusika na kesi, baraza haliamui mpaka jiwe lisomwe. Imeshatokea mara nyingi. Mtu anasema kimondo kimechoma ghala lake, mwenzake anasema umelichoma mwenyewe, Daktari analeta mashine, jiwe linasema, watu wanatawanyika. Mashine tunaiita Msomaji. Ni sanduku jeupe, linabebeka kwa mkono kama cherehani, na watu wakilipita wanashusha sauti.

Baraza lilikaa chini ya turubai la msiba, ambalo lilikuwa halijashushwa bado. Chilewa, mume wa Mbeleje, alikaa upande wa ukoo wake, anatazama viatu. Binti yao Sechelela, wa miaka sita, alikuwa mapajani kwa shangazi. Mzee Chidumizi, baba mdogo wa Chilewa, ndiye aliyekuwa msemaji, na yule mzee Mungu alimpa ulimi.

"Daktari," akaanza, "sisi hatuna elimu ya mawe. Tuna elimu ya nguzo. Nguzo ikiliwa na mchwa paa linakuja chini. Halihitaji kusukumwa na mbingu."

Watu wakacheka, hata msibani.

"Baba mkwe, na lile tundu?" Mbeleje akauliza. "Kabla halijashuka lilitoboka. Niliona mlangoni mwanga umeingia ndani."

"Tundu lipi, mwanangu? Paa zima sasa ni tundu."

Wakacheka tena. Mbeleje hakukasirika. Alikuwa ametulia, amefunga kilemba vizuri, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake. Aliliamini jiwe. Aliponiona nimesimama karibu na Daktari na beji yangu kifuani, alinikonyeza.

Duara la siku ile lilifunika kijiji kizima, halikuweza kuonyesha nyumba. Daktari Kokuhirwa aliliweka jiwe ndani ya Msomaji. Tukangoja. Kwa kawaida Msomaji anapomaliza, kwenye kioo chake inatokea picha ya mishale mingi midogo, imelala huku na huku kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Daktari anaifuata kwa kidole, anasoma.

Safari hii kidole chake kilisimama. Akaisoma upya. Akageuza kioo tukione sote. Mishale yote, kuanzia juu mpaka chini, ilielekea upande mmoja, kama wanafunzi mstarini wakiimba wimbo wa taifa.

"Jiwe hili ni kimondo kweli," akasema. "Lakini limefutwa. Limepitiwa na sumaku, na si zamani. Hata lile la ndani kabisa, la kabla ya dunia, limekwenda." Sauti yake ilishuka. "Nani alilipitishia sumaku?"

Nilitazama chini. Sote tulitazama chini, isipokuwa Mbeleje. Yeye uso ulimng'aa. Alidhani ameulizwa ushahidi wake.

"Si Nyemo?" akasema. "Nyemo alilipima mbele yangu. Lilishika, tak, likaning'inia hivi! Mwambie, mdogo wangu. Mwambie lilivyoshika!"

Daktari akageuka. "Nyemo?"

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika fundo la kanga. Nilihisi sumaku ndani yake, duara, baridi. Mkono wa kulia, sijui ulifikaje, ulikuwa kwenye beji.

"Hapana, Daktari."

"Hukulipima?"

"Nililifunga foili tu. Sina sumaku mimi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Sikumtazama Mbeleje.

"Haya," akasema Mzee Chidumizi polepole. "Kwa Chilewa kuna spika mbovu mbili za kwaya. Wote tunazijua. Spika ina sumaku. Mtu akitaka kulifunga jiwe mdomo, hatoki hata nje ya nyumba yake. Kisha anamsingizia msichana wa watu, mwenye kazi yake." Akanigeukia. "Pole, mwanangu."

Aliniambia pole. Na mimi nikasema, "Asante, baba."

Jioni ile Mbeleje aliondoka kwenda kwa wazazi wake Mlowezi, na begi moja. Ukoo ulisema mtoto atabaki. Alipopita mbele ya mlango wangu hakutema mate wala hakunitukana. Alisimama kidogo, akakifunga vizuri kilemba chake, akaenda.

*

Kwa siku nne sikuweza kula nikashiba. Haikuwa huruma, nisijipambe. Nilikuwa naogopa watu kunitazama. Nikichota maji nadhani wanajua. Nikisalimiwa kwa heshima, ndiyo mbaya zaidi. Sechelela alikuja mlangoni akauliza mama yake amefuata nini Mlowezi. Nikamwambia amefuata unga. Akasema, "Mbona unga upo?" Nikaingia ndani.

Siku ya tano nikaikumbuka kona. Ile iliyomeguka, ya kijivu. Ukijivu wake ulikuwa safi, haujaota kutu, kwa hiyo ilimeguka siku lilipoanguka. Zizini ni samadi laini, jiwe halimeguki pale. Basi kama Mbeleje alisema kweli, kona ilikatikia paani, na kipande kipo bado ndani ya kifusi cha tembe. Kidogo kama ukucha, ngozi yake nyeusi upande mmoja. Na hakijaguswa na sumaku.

Nilianza siku hiyo hiyo, wakati watu wako mashambani wakisafisha kwa ajili ya mvua. Nilijipa kisingizio kwamba Kituo kimenituma. Nilikuwa nimeshazoea kudanganya, ulimi ukawa mwepesi.

Udongo wa paa la tembe si mchache. Paa limebebwa na magogo, juu yake fito, juu yake nyasi, juu yake udongo wa kiwiko kizima. Nilikuwa nachota ungo mmoja, nautandaza juani, napepeta vumbi, nageuza donge moja moja kwa kijiti cha mtama. Mkaa. Kinyesi cha mjusi. Kokoto. Shanga ya Bibi Matika, ya kijani, nikaiweka kando. Ungo mwingine.

Na muda wote sumaku ilikuwa kiunoni pangu. Ningeipitisha juu ya kifusi kile mara tatu, kipande kingeruka chenyewe, kazi ya robo saa. Siku ya pili ya kupepeta, mgongo umekakamaa, nilijikuta nimeifungua kanga. Niliitazama sumaku ya baba kwenye kiganja. Nikaenda nayo hadi chooni, nikaitupa. Nilisikia imefika. Nikarudi kwenye ungo.

Siku ya nne ya kupepeta, karibu na adhuhuri, niliacha kuchota nikaanza kuparua mahali penyewe kwa kijiti, pale ambapo nguzo ya kati ilisimama. Nguzo ilikuwa imelala. Kweli ililiwa na mchwa, upande mmoja, siwezi kuficha. Lakini juu yake, kwenye kichwa cha nguzo, palikuwa na shimo jipya, kama pamechomwa msumari mnene. Na ndani ya shimo, kimekwama kwenye mti, kilikuwepo. Cheusi, kinang'aa kidogo.

Sikukigusa. Nilikaa chini kwenye udongo ule, nikalia kwa namna isiyokuwa nzuri kutazamwa.

Nilipomaliza kulia nikaanza kupiga hesabu zangu, kama mwizi. Ningeweza kumwita Daktari nimwonyeshe kipande. Msomaji angekisoma, kingesema: nilitoka juu, niligonga udongo, nikagonga mti, nikatulia. Mbeleje angesafishwa kifo cha bibi. Nami ningekuwa mlinzi hodari aliyekesha juani kwa ajili ya jirani. Ingebaki ile habari ya sumaku tu. Watu wangesema Mbeleje alilifuta jiwe kwa hofu, akamsingizia Nyemo, lakini tumsamehe, alikuwa na msiba. Angerudi nyumbani akiwa mwongo aliyesamehewa, na mimi ningempelekea maziwa.

Niliitazama hesabu ile muda mrefu. Inanitia aibu kwamba nilichukua muda mrefu.

Kisha nikafunika shimo kwa chungu, nikampigia Daktari Kokuhirwa kwa bangili, nikamwambia yote kwa mpangilio. Fundo la kanga. Tak. Beji. Sina uhakika nilipumua.

Hakunikatisha. Nilipomaliza nikasikia mtu huko kwake anakoroga chai.

"Nimewaondoa watu wengi katika kazi hii," akasema mwisho. "Wengine waliiba mawe. Wewe nilikuwa nakutolea mfano." "Beji uikabidhi kwa mtendaji wa kijiji. Leo."

"Ndiyo, Daktari."

"Na baraza litakaa tena, utasema hayo hayo mbele ya wale wale."

"Nitasema."

"Kuhusu kipande. Umekigusa?"

"Hapana."

"Usikiguse, na mtu mwingine asikiguse. Kikitolewa pale Mzee Chidumizi akiwa hayupo, ni punje ya jiwe tu, utaambiwa umeipandikiza wewe. Nakuja kesho asubuhi na Msomaji. Lakini sheria unaijua, Nyemo. Kilichoangukia mbugani ni cha Kituo. Kilichoangukia ndani ya nyumba ni cha mwenye nyumba, na hakiinuliwi bila kauli yake."

"Chilewa atakubali."

"Mwenye nyumba ni nani huko kwenu?"

Kwetu nyumba ni ya mke aliyeikandika. Lile tembe Mbeleje alilikandika peke yake, mimba ya Sechelela ina miezi saba, na mimi ndiye niliyekuwa namsombea maji.

"Basi umfuate," Daktari akasema. "Na uangalie bangili yako. Kuna mvua kesho mchana, ya kwanza, na si ndogo. Kipande kikilowa ndani ya mti ule, sitaweza kusoma kitu."

*

Kutoka Iyumbula hadi Mlowezi ni mwendo wa saa tatu. Niliikabidhi beji kwa mtendaji, nikaondoka, nikafika jua limelegea. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujipanga, ya chini, rangi ya mgongo wa punda.

Mama yake Mbeleje alikuwa wa kwanza kuniona. Hakujua lolote juu yangu, au aliambiwa nusu. "Karibu, mwanangu, umetembea na jua lote hili," akasema, akaniletea maji kwenye kata. Niliyashika. Sikuweza kuyanywa kabla sijasema, nikabaki nimeyashika kama mtu aliyeombwa ayatunze.

Mbeleje alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga mtama. Aliniona, akaendelea kutwanga.

"Shikamoo, dada."

Mchi ulipanda, ukashuka.

Nikasema nikiwa nimesimama. Nilianza na sumaku. Nikamweleza sahani ya asali, kwamba nilijua, kwamba nilijua kabla ya kufungua fundo. Nikamweleza beji. Nikasema, "Wewe ulisema kweli na mimi nilisema uongo, na nimeshamwambia Daktari." Nikaeleza kichwa cha nguzo, shimo, kipande. Hapo mchi ulisimama hewani, kidogo tu.

"Nguzo imetobolewa?" akauliza. Hakunitazama. Aliuliza kinu.

"Imetobolewa. Kipande kimo ndani."

"Pale juu."

"Pale juu kabisa, uliposema mwanga uliingia."

Mchi ukashuka. Alitwanga mara sita au saba, kisha akauliza tena, sauti ile ile.

"Siku ile, mkono wa kushoto. Ulikuwa umeshika nini?"

"Fundo la kanga."

"Nilijua," akasema. "Niliuona mkono wako. Nikajiambia, sasa hivi ataifungua awaonyeshe. Nikangoja." Akaendelea kutwanga. "Nilingoja mpaka nikafika hapa kwa mama yangu, bado nangoja."

Mama yake alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mkono mdomoni. Kuku mmoja alikuja kudonoa punje zilizoruka kinuni, Mbeleje akamfukuza kwa mguu bila kukosea mapigo.

Upepo ulipita ukiwa na harufu ya udongo uliolowa mbali. Bangili ikanitetemeka mkononi. Sikuitazama, nilijua inasema nini.

"Dada Mbeleje," nikasema, "sikuja kuomba unisamehe. Kesho asubuhi Daktari atakuwepo, na Mzee Chidumizi, na wote. Mimi nitasema niliyokuambia. Lakini kipande ni chako. Hakitoki kwenye ile nguzo bila kauli yako, na mvua inakuja. Nimeweka chungu juu yake, chungu hakitazuia maji yakipita chini. Sio lazima tuongozane. Sio lazima unitazame. Naomba neno moja tu, ndiyo au hapana, nikapige bangili, nao wakiinue."

Alitoa unga kinuni kwa kiganja, akautazama kama umelainika. Haukumridhisha. Akaurudisha, akaongeza punje nyingine, akashika mchi kwa mikono miwili.

"Dada," nikasema. "Naomba."

Mchi ukapanda. Nilisimama pale na ile kata ya maji, nikiyahesabu mapigo, na mawingu yakazidi kushuka upande wa Iyumbula.